Noah ya Jafari Isiyozimwa

Kijijini kwetu, ukitoka mjini ukapita Ziwani, kisha Madimba, Jafari alijulikana kwa kuacha gari likinguruma. Akiswali, linanguruma nje ya msikiti. Akinunua sukari, linanguruma mbele ya duka. Wapo waliosema anaringia mafuta. Maskini, hakuwa na la kuringia. Akiizima ile Noah yake, haiwaki. Anageuza ufunguo, stata inatoa mlio mmoja mkavu, tik, basi.

Kila asubuhi jirani yetu Nassoro alileta pikapu yake, akaunganisha nyaya, na Noah ikawaka papo hapo. Kwa hiyo sote tukakata shauri kwamba betri imekufa. Jafari akanunua nyingine, kisha nyingine tena, na korosho za msimu mzima zikaishia humo. Kwetu betri hulaumiwa kama mke wa mwana: lolote likiharibika, ni yeye.

Mama yake, Bi Somoe, alikuwa amelazwa mjini. Siku daktari aliposema hakuna la zaidi la kumfanyia, mama huyo aliomba jambo moja tu, akafie chumbani mwake, alimowazalia wanawe. Jafari alimwapia kwamba atamfikisha. Tukaenda kumchukua, yeye na mimi.

Uani mwa hospitali mlinzi alikuja dirishani.

"Mzee, zima gari. Moshi unaingia wodini."

"Ndugu yangu, nikilizima hili haliwaki."

"Wagonjwa wanakohoa, mzee."

Jafari akazima. Adabu yake ndiyo iliyomponza, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Tulipomlaza Bi Somoe kwenye kiti cha nyuma na ufunguo ukageuzwa, tik. Dereva wa teksi akaja na nyaya zake, akazibana vizuri kabisa, betri kwa betri. Tik. Nikamsihi amchukue mgonjwa yeye. Akamchungulia, akatikisa kichwa. Alisema akimfia njiani, nani atapanda tena gari lake? Nikampigia simu Paulo, fundi umeme wa magari kule mtaa wa Chikongola, nikamweleza habari za nyaya za Nassoro na za teksi, akasema anakuja.

Kumngoja hatukuweza. Wanaume waliokuwa wakisubiri kuona wagonjwa wao wakajitolea kusukuma, nasi tukashukuru. Tulisukuma kwa moyo wote, tukalizungusha gari ua mzima, jasho likitutoka. Jafari alishika usukani.

Bi Somoe akafumbua midomo. "Tumeondoka?"

"Tumeondoka, mama."

Tukazunguka tena. "Hapa wapi, mwanangu?"

Jafari alinitazama kupitia dirisha. "Ziwani, mama."

Waliokuwa nyuma hawakusikia kitu, wakaendelea kuhesabu moja, mbili, sukuma. Mimi nilisikia, nikainama nikasukuma.

"Na hapa?"

"Madimba. Tumekaribia."

Gari likasimama karibu na geti, watu wamechoka. Mama akauliza kama tumefika. Jafari aliyafumba macho.

"Tumefika, mama."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Somoe. Hakusema neno jingine tena.

Paulo alifika tukiwa tumekwisha kumfunika khanga usoni. Alitupa pole, akainua boneti. Alisema gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata mkilisukuma mpaka Lindi. Kisha akaniuliza, "Huko kwenu, mkiunganisha nyaya, ule mweusi mlikuwa mnaubana wapi?"

Nikamwambia Nassoro aliubana kwenye chuma cha injini, ndiko alikozoea.

"Basi betri zenu zote zilikuwa nzima. Huyo alikuwa anaipa injini njia nyingine ya umeme bila kujua. Leo mmebana kwenye betri, na njia yenyewe imekufa."

Akaushika waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini. Ukamkatikia mkononi, ndani umebaki unga wa kijani. Chumvi ya pwani yetu ilikuwa imeula wote. Akafunga mwingine, kipande kifupi tu, akamwambia Jafari ajaribu.

Noah ikawaka mara moja.

Nilikaa nyuma, kichwa cha Bi Somoe kwenye mapaja yangu. Tukapita Ziwani, tukapita Madimba. Jafari hakutaja jina la mahali popote.