Bomba Lililosimama Ukutani

Mama mkwe wangu alivunjika mguu kwao Majimoto, alisukumwa zizini na ng'ombe wake mwenyewe. Hospitali wakamfunga plasta, wakasema asichuchumae miezi miwili. Choo chetu cha Misunkumilo kilikuwa cha shimo, nje, nyuma ya jiko. Kwa hiyo kabla hajafika kwetu kuuguzwa nikajenga cha kukaa, ndani, kimepakana na bafu.

Fundi alileta mabomba. Nikayahesabu: sita. Nikarudia: sita. Matano yangelala chini mpaka kwenye shimo la majitaka. La sita, akasema, litasimama ukutani mpaka juu ya bati.

"Hilo linapitisha nini?"

"Hewa."

"Fundi, hewa nimeikuta hapa bure. Litoe."

"Mzee, bila hilo utanikumbuka."

"Nitakukumbuka kwa wema. Litoe."

Akalitoa. Nikajiona mjanja.

Sasa, kwa Wasukuma, mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hata salamu alinipa kupitia binti yake, mimi nikitazama pembeni. Habari za chooni ndiyo kabisa: hatakiwi hata kujua kwamba huwa nakwenda.

Siku ya tatu tangu afike, asubuhi, nikaenda, nikamwaga ndoo. Upande wa pili, tundu la sakafu ya bafu likatoa mlio, gulugulugulu, kama mtu anasukutua. Kisha likaleta harufu. Na mama mkwe alikuwa humo, kwenye kigoda chake, anaoga.

Nikamsikia akimwambia mke wangu, "Mwanangu, mumeo akienda huko, bafu linaniletea taarifa. Siwezi. Kesho mnitafutie gari nirudi kwangu."

Na plasta ile, na barabara ile! Mke wangu hakunigombeza. Alitazama tu ukuta, pale penye bomba ambalo halikuwepo.

Nikamkimbilia fundi. Hakucheka, ila alichukua muda wake.

"Chini ya lile tundu kuna bomba limepinda kama shingo ya bata. Maji yanabaki hapo, yanaizuia harufu. Ukimwaga ndoo chooni, maji yakishuka yanavuta hewa. Ya juu umeikataa, basi yanaivuta kupitia bafuni, yananyonya na yale ya kwenye shingo. Mlango umebaki wazi."

"Njoo ulifunge lile bomba."

"Tusipatane bei kwanza?"

"Fundi, njoo."

Kabla jua halijashuka bomba lilikuwa limepita bati. Nikamwaga ndoo, mke wangu akiwa bafuni anasikiliza. Kimya. Nikamwaga ya pili, maana moja si ushahidi. Kimya.

Jioni mama mkwe akaingia kuoga. Kikapu chake kilikuwa kimeshafungwa, kipo mlangoni. Nikavuta pumzi, nikaenda chooni, nikamwaga.

Alipotoka akamwita binti yake, mimi nimesimama nyuma ya pazia.

"Mkwe wangu hajaenda tena tangu asubuhi. Anaumwa? Mpikie mlenda."

"Ameenda, mama. Wakati ule unaoga."

Akatazama mlangoni.

"Basi hicho kikapu kirudishe chumbani."