Kipande cha Bati Kutoka Bafu la Mama Mkwe

Sina sababu ya kuficha, maana najua Mokaya ameshawasimulia kwa njia yake, na kwa njia yake mimi ni mwanamume aliyetoboa bafu la mama mkwe ili achungulie. Basi leo nisikilizeni mimi mwenye aibu yangu. Ni kweli bafu lilitobolewa. Ni kweli mama mkwe alikuwa ndani. Lakini kilichonipeleka pale ni zinki, na nitasema zinki mpaka siku ya kuzikwa kwangu, hata kama hakuna mtu anayetaka kusikia habari za zinki akishasikia habari za bafu.

Mnajua kazi yangu. Nachonga mawe ya sabuni hapa Tabaka, bakuli, viboko, vinara vya mishumaa, na kwa miaka kumi na miwili tangu nimwoe Kerubo, kwao kule Itumbe mimi huitwa "yule wa mawe". Mokaya, aliyemwoa dada yake Kerubo, ana meza na kiti cha kuzunguka katika ofisi fulani pale Kenyenya, kwa hiyo yeye huitwa kwa jina, huwekwa kiti cha mbele, na akikohoa kidogo watu humuuliza kama angependa maji. Mimi huitwa mbuzi akichinjwa, nishike miguu. (Silalamiki. Nasema tu ilivyo.)

Sasa baba mkwe alistaafu kutoka kiwanda cha majani chai, akajenga nyumba mpya ya mabati ya rangi ya damu, akatuita sote Jumapili moja tuje tuibariki, kwa sababu wao ni Wasabato na Jumamosi ni ya kanisa. Nikaapa safari hiyo siendi na mkungu wa ndizi kama siku zote. Nitapeleka kitu ambacho kiti cha kuzunguka hakiwezi kutoa.

Kitu chenyewe nilikiona kwenye kitabu cha sayansi cha binti yangu. Ukichukua kipande cha bati lenye zinki na waya wa shaba, ukavitumbukiza kwenye maji ya chumvi visigusane, unapata stima kidogo, kidogo sana, haiwashi chochote, lakini ukiwa na mashimo sita, na ukafunga shaba ya shimo hili kwenye bati la shimo linalofuata mpaka mwisho, zile kidogo kidogo zinajumlishwa na taa ndogo inawaka. Na jiwe letu halivuji wala halipitishi stima. Nikachonga jiwe jeupe ukubwa wa mkate, mashimo sita juu yake, ubavuni nikazungushia majani ya chai ya kuchonga kwa heshima ya mzee, na katikati nikasimamisha kile kijitaa kilichotoka kwenye tochi yetu iliyokufa. Usiku lilipowaka mara ya kwanza Kerubo aliliangalia, kisha akasema, "Safari hii watakuita kwa jina." Mke wangu si mtu wa kusifu ovyo. Nililala nikitabasamu.

Tulienda kwa pikipiki, jiwe nimelipakata, waya na chumvi kwenye mfuko, na vile vipande sita vya bati nimeviweka (hapa ndipo mtanicheka) kwenye mfuko wa shati. Barabara mnaijua. Tulipofika tukatembezwa nyumba mpya, kisha nikajificha nyuma yake kupanga mambo yangu, nikahesabu vipande, vitano. Nikahesabu tena, vitano. Kimoja kilikuwa kimeshabaki njiani.

Nitasema kweli, kwa sababu ndilo kosa langu pekee katika mambo haya yote: vitano vingetosha. Taa ingewaka. Ingewaka hafifu, lakini ingewaka. Ila nilimsikia Mokaya kule kwenye hema la wageni akiombwa aseme machache, akisafisha koo, na nikaona jinsi atakavyoinama juu ya taa yangu hafifu na kuuliza kama inaumwa. Nikaamua natafuta cha sita.

Mafundi walikuwa wameacha vipande vya bati tele pale nyuma, lakini vyote ni vya ile rangi ya mzee, na rangi huzuia maji yasiifikie zinki. Mtu mwenye akili angekaa akwaruze rangi. Mimi nikatazama huku na huku nikaona, karibu na migomba, bafu la zamani, kuta zake mabati matupu yasiyo na rangi, na pembe moja ya bati imechomoza nje kama inayoniita. Kabla hamjanihukumu, kumbukeni kwamba saa moja tu kabla ya hapo mzee mwenyewe alitutembeza nyumba mpya, akatuonyesha bafu la ndani lenye vigae na maji ya moto, akasema mbele ya watu wote kwamba lile la nje linavunjwa wiki hii. Alisema! Kwa mdomo wake! Kwangu mimi lile halikuwa bafu tena, lilikuwa takataka zenye zinki.

Nikachukua mkasi wa bati kwenye kisanduku cha fundi, nikakata mara mbili. Kipande cha upana wa vidole viwili kikaning'inia, nikakivuta, na mwanga ukaingia ndani kupitia lile tundu, na ndani nikaona beseni, na kwenye beseni mguu. Mguu mmoja. Mpaka kwenye kifundo. Basi. Sikuona kitu kingine na mguu wenyewe ungeweza kuwa wa mtu yeyote.

Sauti ikauliza kutoka ndani, "Ning'o oyo?" Yaani, ni nani huyo?

Sasa mtu mwingine angekimbia. Migomba ilikuwa pale, mizito, ya kujificha vizuri. Lakini mimi nimelelewa, mkubwa akikuuliza wewe ni nani humwachi bila jibu, kwa hiyo nikajibu kwa sauti ya adabu kabisa, "Ni mimi, Mama, Ogeto wa Tabaka."

Nyinyi wengine wa huku mnajua chinsoni ni nini, lakini kwa yule aliyekuja kwetu kwa kazi tu, ni ile heshima iliyopo kati ya mtu na mama mkwe wake: humpi mkono, humkazii macho, hukai naye karibu, ukikutana naye kwenye kijia kila mtu anageukia upande wake. Miaka kumi na miwili sikuwahi kumwona mama yule zaidi ya kitambaa chake cha kichwa. Kumbe viatu vipya vilimbana, bafu la ndani limejaa wageni wanaofungua na kufunga bomba la moto, akaona achukue beseni lake aje akandie miguu pale alipozoea. Alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, kila kitu mwilini! Lakini alipiga ukemi uliosikika mpaka kwenye mashamba ya chai, na wanawake wakatoka jikoni mbio, mmoja ana mwiko bado unachuruzika, wakanikuta nimesimama na mkasi mkono wa kulia na ukuta wa bafu mkono wa kushoto.

Nilipelekwa kwenye hema. Sikushikwa, lakini nilizungukwa, na mkizungukwa na wanawake sita wenye hasira mtajua tofauti ni ndogo. Nikasimama mbele ya wazee nikaeleza. Nikaeleza zinki, nikaeleza shaba, nikaeleza kwamba rangi huzuia maji, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujitilia shaka.

Mokaya akanyoosha kidole kama yuko mkutanoni. "Shemeji, nielewe vizuri. Ulikuwa unatafuta stima bafuni."

Watu walicheka mpaka hema likatikisika. Nawaambieni nilikasirika, nilikasirika mpaka masikio yakawaka, kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa, nina watoto watatu, sijawahi kuiba hata muwa, na sasa nilikuwa nachekwa kama mlevi. Mzee hakucheka. Alinitazama, akalitazama lile jiwe, ambalo mtoto mmoja alikuwa ameshalileta pamoja na mfuko wangu kutoka nyuma ya nyumba, akasema, "Iwashe. Ikiwaka, ulikuwa unatafuta ulichosema. Isipowaka, tutaongea na wazee wa kwenu."

Kerubo alikuwa pembeni yangu, macho chini. Akaniambia polepole, bila kuinua kichwa, "Isipowaka, utarudi Tabaka peke yako. Sitaweza kupita kwa mama yangu tena nikiwa na wewe." Na sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo.

Nikapanga vipande vyangu, kile cha sita kikiwemo, nikafunga waya. Nikaomba maji. Hapo Mokaya akasimama, akasema maji atatia yeye, ili isije ikasemwa kuna betri ya dukani imefichwa. Akaligeuza jiwe juu chini akilikagua kama anayenunua ng'ombe, nikarudishia vipande vilivyoanguka, akamimina maji ya chumvi. Akamimina. Nikamwambia yanatosha, akaniambia nimwache, nimeshafanya yangu ya kutosha leo. Akajaza mpaka yakafurika.

Haikuwaka.

Nikagusa waya huu, nikagusa ule, kijitaa kimekufa kama jicho la samaki. Mtu akaanza kucheka nyuma, mwingine akafuata, mzee akashika fimbo yake kama anayetaka kuinuka. Ningekuwa mtu wa kulia ningelia pale pale, na siwadanganyi, si kwa aibu, kwa uchungu, maana nilikuwa nasema kweli na kweli yangu ilikuwa imekaa mbele ya watu wote inakataa kunitetea.

Ndipo sauti ikatoka mlango wa jikoni, nyuma ya pazia. Mama mkwe hakuniambia mimi, asingeweza. Alimwambia binti yake. "Kerubo, mwambie mwenye jiwe hivyo sivyo vyombo vinavyojazwa. Maji yamemwagika juu, mashimo yote yamekuwa shimo moja."

Nyinyi nyote mlio na meza ofisini, yule mama hajawahi kusoma kitabu cha sayansi. Amejaza vyungu tu maisha yake yote. Na alikuwa amesema kilekile nilichopaswa kukiona mwenyewe kama hasira zisingenifunga macho: mashimo yakiunganishwa na maji yale ya juu, hakuna tena sita, kuna bakuli moja la chumvi. Nikavua koti, nikafuta uso wa jiwe kwa bitana yake, nikachota maji kwa kijiko cha chai, shimo moja moja, mpaka kila moja likabaki na maji yake peke yake. Nikafuta tena. Nikagusisha waya.

Ikawaka. Nyeupe, kali, vizuri kuliko ilivyowahi kuwaka nyumbani, kwa sababu ya kile kipande cha sita, kilichokuwa kipana kuliko vyangu vyote, na naomba hilo likumbukwe. Kerubo akaketi chini, pale pale kwenye nyasi, na gauni lake jipya, akafunika uso. Mzee akasogeza kiganja juu ya taa, akasema, "Haya. Alikuwa anatafuta stima."

Mngedhani yameisha hapo. Wazee walikaa wakasema kuwaka kwa taa kumeniondolea kosa la kuchungulia, lakini kukata ukuta wa nyumba ya mkwe wako ni kosa lingine, na mguu umeonwa, hata kama ni mmoja. Nikatozwa mbuzi na bati jipya. Bati lenyewe fundi alilokuwa nalo ni lile la rangi ya damu, kwa hiyo kiraka kinaonekana ukiwa barabarani, na bafu lile, lililokuwa livunjwe wiki hiyo, halijavunjwa mpaka leo. Mama alikataa. Na Mokaya, aliyefurisha maji mbele ya mashahidi, hakutozwa hata kuku.

Nimeapa sitakata tena chuma chochote nje ya boma langu, hata msumari, hata nikiombwa. Kule Itumbe siitwi tena yule wa mawe, naitwa yule wa bafu, na watoto wadogo wakiniona huficha miguu.

Taa iliachwa. Mama aliomba aachiwe, akaiweka ndani ya lile bafu la zamani, juu ya jiwe la kuogea, na huibadilishia maji na chumvi mwenyewe, wala hajazi kupita kiasi. Tatizo ni kwamba chumvi huila zinki. Kila baada ya miezi michache vipande vinabaki kutu tupu, na simu ya Kerubo inalia, nasikia sauti ile ya nyuma ya pazia ikisema kutoka kwao, "Mwambie Ogeto mabati yameisha, alete mengine."

Ogeto. Kwa jina. Basi nachukua mkasi, naenda kwenye banda langu la kuku, nakata sita kwenye paa lake, na mvua ya jana imewanyeshea kuku wote.