Maziwa Niliyoyarudisha Keringet

Nilidanganya kwenye uwanja wa kanisa, nikiwa na mimba ya miezi mitano. Nalisema hili mapema kwa sababu mengine yote yalianzia hapo.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, wataalamu wa afya walipiga hema wakawa wanapima watu presha, sukari na mafuta ya damu bila malipo. Msichana aliyejaza fomu aliniuliza bila kupunguza sauti, "Dada, uko na mimba?" Nyuma yangu kwenye foleni walisimama akina mama wa kikundi chetu. Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili, na mara zote mbili wao walijua mapema, kwa hiyo ilinibidi kumweleza kila mmoja kwamba hakuna mtoto tena. Hii ya tatu aliijua mume wangu tu, pamoja na nesi wa kliniki. Kuificha kwa wengine wote niliachia sweta langu kubwa.

"Hapana," nikamjibu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nikachomwa kidole. Daktari aliisoma karatasi yangu mara mbili, kisha akaniuliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua moyo. Nikamwambia baba yangu alianguka shambani Njoro akiwa bado na nguvu zake, na hakuamka. Daktari akatikisa kichwa. Mafuta yangu yalikuwa juu sana kwa umri wangu, akasema. Nipunguze maziwa, mayai na nyama nono, kisha niende hospitali nikapimwe vizuri. Simlaumu. Alimtibu mwanamke niliyemwambia kuwa ndiye mimi.

Hospitali sikwenda. Nilirudi nyumbani, mtaani kwetu Section 58, nikajifunga kibwebwe. Siagi nikaitupa, parachichi nikampa jirani, sukuma wiki nikawa naichemsha kwa maji na chumvi. Mume wangu alivumilia siku tatu.

"Hii ni chakula ya hospitali ama ya jela?" akaniuliza. Baadaye akasema polepole, "Lakini huyo daktari alijua uko na mimba?"

"Mafuta ni mafuta," nikamkata. Nina ulimi mkali nikiwa na hofu, na siku hizo nilikuwa na hofu kila saa. Nilimwona baba kifudifudi kati ya mahindi, halafu najiona mimi, na mtoto ndani yangu.

Mama mkwe wangu anaishi Keringet. Kila Jumamosi alitutumia mtungi wa maziwa kwa lori linaloleta viazi mjini. Kwao maziwa si kinywaji tu. Mke wa mwana anayerudisha mtungi ukiwa umejaa amesema neno ambalo ni vigumu kulifuta. Nami, baada ya kumwonya dereva asiyamwage njiani, niliurudisha umejaa.

Jioni alipiga simu. "Maziwa yangu imekuwa na makosa gani?"

"Hakuna, mama. Ni daktari amenikataza."

"Daktari wa nini?"

Kumjibu kungekuwa kumwambia yote. "Ni mwili tu, mama," nikasema. Akakata simu. Jumamosi iliyofuata lori lilileta viazi vya watu wengine tu, bila mtungi.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, nesi alinipima tumbo kwa utepe, akapima tena. Uzito wangu ulikuwa umebaki palepale. Akaniuliza nakula nini, nikamweleza kwa majivuno, kisha nikamtolea ile karatasi ya kanisani niliyoikunja ndani ya kitabu cha kliniki. Aliisoma, akaweka kalamu chini.

"Mami, hapa wameandika huna mimba."

Nikakiri kwamba ndivyo nilivyowaambia.

"Homoni za mimba ndizo zinapandisha haya mafuta," akasema. "Mwanzoni mwili unaweka akiba ya mafuta. Baadaye unaitoa kwa damu ikulishe wewe, ndio sukari iende kwa mtoto. Wewe umelinganishwa na mtu hana mimba. Lazima ungeonekana mgonjwa."

"Na baba yangu?"

"Hiyo tutapima ukishajifungua, mwili ukitulia. Saa hii, kula."

Akanituma kupigwa picha ya tumbo. Mtoto alikuwa mzima, lakini mdogo kwa miezi yake. Nilimuuliza nesi kama ni mimi niliyemfanya hivyo. Akasema watoto huwa wadogo kwa sababu nyingi, na hana kipimo cha kuonyesha ni ipi. Nilitamani anigombeze. Ningejua pa kuweka aibu yangu.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Keringet. Mama mkwe alikuwa jikoni akimenya viazi. Nilivua sweta nikasimama mbele yake. Kisu kikatulia mkononi mwake.

"Miezi mingapi?"

"Saba, mama."

Nikamweleza yote: zile mbili zilizotoka, foleni, karatasi, baba. Alisikiliza akiangalia viazi. Nilipomaliza nilingoja aniambie nimemkosea. Badala yake alianza kulia, kimya kimya, bila kujifuta.

"Nilidhani umenikataa," akasema. "Nikawa naomba. Kila asubuhi nikiomba Mungu akutoe kwa hii boma, kijana yangu apate mwingine, mwenye atazaa. Na ulikuwa umebeba."

Nilikaa kwenye kigoda kando yake, nikachukua kisu cha pili, tukamenya pamoja hadi sufuria ikajaa.

Binti yetu alizaliwa akiwa na kilo mbili na gramu kidogo, akalia vizuri, akanyonya. Mama mkwe alifika siku hiyohiyo. Tulimfungua shuka tukamwangalia, miguu yake myembamba, mgongo wenye ngozi iliyolegea, na kila mmoja wetu aliamini ni yeye mwenyewe aliyemfanya mdogo, mimi kwa chakula changu, mama kwa maombi yake.