Kuku Mbele, Kifaranga Nyuma

Harufu ya wino wa masizi hunikuta mahali ambapo sikuitegemea. Safari hii ilinikuta Mwanza, bandarini, nikisubiri meli. Mchukuzi mmoja alikuwa ameinamia gunia la kahawa, ameweka juu yake bati lililotobolewa herufi, na anapigapiga wino mweusi kwa brashi nene. Alipoliinua lile bati, herufi zikabaki kwenye gunia, zimekauka pembeni na kung'aa katikati. Abiria wenzangu walikuwa wanagombania kivuli. Mimi nilihama, nikaenda kukaa juu ya sanduku langu upande ambao upepo haukuleta harufu ile.

Nimeishi Tabora, Kigoma, Moshi, na sehemu nyingine ambazo sikukaa hata nikajua majina ya majirani. Watu wa kwetu husema nina miguu isiyotulia, nami sibishani nao. Lakini kila ninapohama nabeba kopo la chai lenye kadi chache za nguo ndani yake. Wanaonisaidia kufungasha huzishika kwa ncha za vidole na kuuliza kama zitupwe. Ninyi mnaonisoma hamjaniuliza, kwa hiyo nitawaambia.

Nilizaliwa Chonyonyo, Karagwe, katika kibanja cha migomba na kahawa kilichopandwa na babu yangu. Mama yangu alitengeneza kadi. Alikuwa amejifunza kidogo misheni alipokuwa msichana, kisha akaendelea kwa akili yake mwenyewe, akitumia vitu vilivyokuwa karibu. Upande wa mbele wa kadi ulikuwa lubugo, lile gome la mti linalopondwa hadi liwe laini kama nguo, lenye rangi ya udongo uliolowa. Upande wa nyuma alishonea kipande cha marekani, kitambaa cheupe cha pamba. Wino alikoroga mwenyewe kwa masizi ya chungu na ute wa yai, na wekundu ulitoka kwenye udongo wa bondeni. Michoro hakuichora kwa mkono. Alichukua ganda kavu la mgomba, akalipaka nta, akatoboa picha ndani yake kwa kisu kidogo. Kisha alililaza ganda juu ya kadi na kupigapiga wino kwa donge la kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Ganda likiinuliwa, picha ilikuwa imebaki chini. Kila mara niliona ni muujiza, ingawa nilikuwa nimeuona asubuhi hiyohiyo.

Kadi hizo alipewa kila mtoto aliyebatizwa. Mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani ameshika kadi ya mjukuu wake, uso umekunjamana.

"Mama Kemilembe, malaika huyu ana pembe."

"Hizo ni mbawa, mzee. Zimekaa juu kidogo."

"Na hizi ndevu?"

"Huo ni wino. Mtoto atakapokua utakuwa umefutika."

Mzee aliondoka akicheka, na tangu hapo mama aliacha malaika, akashika kuku. Kuku alimweza. Alikuwa kuku mnene, mwenye upanga mwekundu kichwani, anayetazama pembeni kama aliyesikia jina lake likitajwa. Mama aliweka kuku mbele, kwenye lubugo. Mimi nilikuwa na ganda langu dogo, nikaweka kifaranga nyuma, kwenye marekani. Tulikubaliana kwamba kadi isiyo na kifaranga haijaisha. Hata akiwa na haraka alinisubiri.

Kosa langu kubwa siku hizo lilikuwa kucheza kwenye migomba iliyokatwa. Shangazi Damari, dada yake baba, aliyekaa nasi, alikuwa akinishika gauni na kulitazama juani. "Leo huoni kitu," alikuwa akisema. "Utomvu wa mgomba ni mwizi. Subiri sabuni ipite, ndipo utakaponiambia ulikuwa wapi." Na kweli, nguo iliyoingia majini safi ilitoka na madoa ya kahawia ambayo hayakuondoka tena maisha yake yote.

Kisha ndui ikaja. Baba alikuwa Uganda, amekwenda kulima pamba ya watu. Dresa wa serikali alipita kutuchanja mikono, mimi na shangazi tukachanjwa. Mama hakuwepo siku hiyo. Alikuwa Kimuli, kwao, kumzika kaka yake. Aliporudi alikuwa na homa, na upele wa kwanza ulitokea kwenye paji la uso, pale ambapo kamba ya kubebea kuni hukaa.

Wagonjwa walitengwa kwenye kibanja kilichoachwa, ng'ambo ya bonde, juu ya mlima. Vibanda vilijengwa katikati ya migomba na uzio wa miti ukazungushwa. Asiye mgonjwa hakuruhusiwa kuingia, isipokuwa Kokugonza, mwanamke mrefu ambaye ndui ilimshika utotoni ikamwacha na uso wenye mashimo. Ugonjwa haukuweza kumrudia, kwa hiyo ndiye aliyewalisha, kuwaosha na kuwazika.

Familia zilipeleka chakula kila siku, kimefungwa kwenye majani ya migomba, na mwanzoni mafurushi yalichanganyika, wagonjwa wakala chakula kisicho chao na wengine wakalala njaa. Karatasi za dresa zililowa mvua, na wengi wetu hatukujua kusoma. Mama ndiye aliyetoa shauri, siku aliyokuwa akifungasha mkeka wake.

"Kila nyumba iwe na picha yake. Mkuki, jembe, mtungi, chochote. Damari, violezo vyote viko pale kwenye kikapu. Sisi tutakuwa kuku."

Dresa alikubali, akaongeza sheria yake. Asubuhi kadi iliingia pamoja na furushi. Jioni Kokugonza aliifukiza juu ya moto wa majani mabichi, akaitundika kwenye uzio, jamaa waichukue. Kadi iliyotundikwa maana yake mwenyewe yu hai. Mwenyewe akifa, kadi ilichomwa pamoja na mkeka wake.

Mama alisimama mlangoni, amejifunika lubugo hadi machoni ili tusimwone.

"Kemi, wewe sasa ndiye utakayeweka kuku."

"Na kifaranga?"

"Kifaranga nitaweka mimi, hukohuko. Kadi itarudi imekwisha."

"Huna wino."

"Wewe tazama nyuma tu," alisema.

Kwa hiyo kila siku nilitengeneza kadi mpya, kwa sababu shangazi hakukubali iliyokwisha kwenda kambini iguse tena chakula. Zilizorudi alizishika kwa vijiti viwili na kuzitia ndani ya chungu kilichofunikwa jiwe, nyuma ya nyumba. Kuzichoma hakuweza. Shangazi Damari hakuwa mtu wa kuchoma marekani. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko wa mama, na ganda la mgomba halipendi mkono mzito. Lilianza kuchanika mdomoni mwa kuku. Kila kadi mdomo ulikuwa mrefu kuliko wa jana, hadi kuku wetu akawa kama ndege hondohondo.

"Huyo atamla mama yako na ndizi zake," shangazi alisema, na siku hizo mtu alicheka chochote kilichochekeka.

Jioni tulisimama mbali kidogo na uzio, watu wa nyumba nyingi. Kokugonza alitoka akiwa ameshika kadi mkononi zikiwa zinatoa moshi, akazitundika moja moja. Tulihesabu kwa macho. Siku ambayo kadi ya mkuki ya Mzee Kajuna haikutundikwa, mzee huyo, ambaye mwanawe mmoja tu alikuwa ndani, alisubiri mpaka kadi zote zikaisha mkononi mwa yule mwanamke. Akasema kwa sauti ya mtu anayemkumbusha muuza duka, "Na mkuki." Kokugonza akamtazama, akarudi ndani. Mzee akakaa chini palepale kwenye matope, na sisi tuliokuwa na kadi zetu tukapita kando yake tukitazama pengine.

Kadi yetu ilikuwepo. Kila jioni niliigeuza kwa kijiti kabla shangazi hajaitia kwenye chungu. Nyuma hapakuwa na kitu. Marekani ilikuwa imegeuka rangi kwa moshi, basi. Jioni ya kwanza nilidhani alisahau. Baadaye nilidhani kitu kibaya zaidi, kwamba huko ndani amepata watu wengine wa kuwaza. Nililia kwa hasira, na shangazi alidhani nalia kwa hofu, akanifariji kwa maneno ambayo hayakuhusu.

Siku moja shangazi alijikata mguu kwa jembe na hakuweza kutembea. Nilikwenda peke yangu. Nililiacha furushi asubuhi, na jioni nikavuka tena bonde. Mvua ilikuwa imenyesha na watu walikuwa wachache. Kokugonza alitoka na kadi zake, akatundika, akafika mwisho, akasimama. Kuku wetu hakuwemo. Aliniona nimesimama na kijiti changu. Akatazama nyuma yangu, kwenye njia.

"Uko na nani, binti?"

"Niko peke yangu. Shikamoo."

"Marahaba. Shangazi yako yuko wapi?"

"Mguu unamuuma."

Akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu, wenzangu wakaondoka. Alipotoka alikuwa na kadi ya kuku, inafuka moshi mwingi kuliko siku zote. Aliitundika, akaiweka sawa kwa kidole, mdomo ule mrefu ukatazama kwangu.

"Mwambie shangazi yako aje mwenyewe kesho. Hata kwa kuchechemea. Umesikia?"

"Mama amepona?"

"Mwambie aje. Nenda sasa, giza linaingia."

Nilielewa kwamba mama amepona na shangazi anaitwa kumchukua. Niliishusha kadi kwa kijiti, nikaigeuza, nyuma hapakuwa na kitu, nami sikujali. Nilishuka bondeni nikiimba. Nyumbani nilimpa shangazi habari, naye akanipakulia ndizi na maharage hadi sahani ikajaa, akakaa akinitazama nikila.

Kesho yake shangazi alikwenda kwa kuegemea fimbo. Alirudi mchana, mikono mitupu, amefunga kitambaa kiunoni kama wafungavyo wanawake wenye msiba.

Miezi ikapita. Ndui ikaisha, dresa akachoma vile vibanda, na moshi wake tuliuona kutoka uwanjani kwetu. Baba alirudi kutoka Uganda na gauni jipya la mama juu ya mzigo wake. Hapo ndipo shangazi alipoondoa jiwe kwenye chungu. Alizichemsha kadi zile kwenye maji ya majivu, akazisugua kwa sabuni ya kipande, akisema zitafaa kuwekea viraka. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikasikia kusugua kumekoma.

"Kemi. Njoo."

Alikuwa ameshika kadi, amegeuza nyuma. Katikati ya marekani palikuwa na kifaranga, wa rangi ya kahawia, mwenye macho na miguu miwili na kidomo kilichofunguka. Shangazi alichukua nyingine, na nyingine. Vifaranga walikuwa wakitoka majini kama wanaoanguliwa. Mama alikuwa amekata ganda bichi, kwa ukucha labda, akachovya kwenye utomvu wa ile migomba ya kambini. Alijua picha haitaonekana kabla ya sabuni. Alijua pia kwamba katika nyumba ya Damari hakuna nguo isiyofuliwa.

Tulizianika juani. Shangazi alikaa chini, akajifunika uso kwa mikono yenye povu. Baba alizitazama kutoka mlangoni na hakusogea.

Kadi moja tu haikutoa kitu. Niliirudisha majini, nikaisugua, nikaianika, nikaisugua tena mpaka lubugo ikaanza kuachana na uzi. Shangazi aliniondolea mikononi.

"Labda siku hiyo alichoka," alisema.

Niliyaamini maneno hayo miaka mingi. Nilisoma, nikatoka Karagwe, nikaanza kuhamahama, na kila nilipokaa peke yangu chumbani niliona nina kadi moja ninayomdai mama.

Ilikuwa Moshi, katika chumba cha kupanga, nilipozitandaza kitandani kuzipanga tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo. Nilipanga kwa kufuata mdomo wa kuku, kwa kuwa mdomo ulirefuka kila siku. Kisha nikazigeuza. Vifaranga wa kwanza walikuwa wazuri, kila unyoya mahali pake. Baadaye mguu mmoja ulikosekana. Baadaye hapakuwa na ganda tena, ni doa la mviringo na mistari miwili ya ukucha. Baadaye doa tu, la kidole kilichobonyezwa. Na kadi ile tupu ilikuwa mwisho kabisa, yenye mdomo mrefu kuliko zote. Ndiyo ya siku niliyokwenda peke yangu.

Nikamwona tena Kokugonza akifika mwisho wa kadi zake na kusimama. Nikamwona akitazama njia iliyo nyuma yangu, kama kuna mtu mzima anayekuja. Kadi ile ilikuwa imekwisha kuwekwa juu ya mkeka wa mama, kusubiri moto. Alikwenda kuiondoa.

Kokugonza alifariki kabla sijarudi Chonyonyo kumwuliza, na sidhani angenijibu. Nilikwenda hata hivyo. Nilisimama pale uzio ulipokuwa, sasa ni shamba la mtu, nikatazama bonde. Lina mteremko mkali, matete, kijito cha kuruka, kisha mlima wa kupanda. Ni njia ndefu kwa mtoto mwenye msiba. Mimi niliipita nikiimba, nikiwa bado na mama.