Kichaka cha Shimo la Nne

Baba yangu, Shaweji, alikuwa akirudi kutoka kazini hashiki kitu cha mtu kabla hajanawa kwa majivu na ndimu. Anasugua kidole kimoja kimoja, ananusa, anasugua tena. Ni oili chakavu ile. Kwenye klabu ya gofu, njia ya kwenda Quionga, huku Msumbiji, majani hayakubali kuota vizuri, kwa hiyo penye mashimo ya kuingizia mpira wamemwaga mchanga uliochanganywa na oili ya magari. Kazi yake ilikuwa kuusawazisha kwa kuburuta gunia, mpira upate kuteleza.

Klabu ile imekaa palipokuwa kijiji chetu. Tulikimbia vita, na tuliporudi tukakuta waya umezungushwa. Mama yangu amezikwa mle, yeye na bibi na watu wa zamani, kila kaburi na mawe yake mawili ya matumbawe, la kichwani na la miguuni. Hayana majina. Anayejua anajua. Kichaka kilikuwa kimeyafunika.

Baba hakumwambia mtu pale. Alikuwa amesikia kwamba wageni wakigundua makaburi huyafukua wakayahamisha, na hakutaka mama apakiwe kwenye gari. Akaomba kazi ili awe karibu naye.

Kichaka kilimlinda mama, na sheria ilikilinda kichaka. Mashindano ya pale yana sheria zake, zimebandikwa mlangoni. Mpira ukiingia shimo la kaa, unautoa bila kosa. Kunguru akiubeba, unaweka mwingine. Ukiingia kichaka cha shimo la nne, kilichozungushiwa vigingi vyeupe, umepotea, unaongezewa pigo, na hakuna kuingia kuutafuta, kwa sababu ya nyoka.

"Kaa ana haki, kunguru ana haki," alikuwa akisema Latifo, anayebeba mifuko ya fimbo za wachezaji. "Mzee Shaweji, sisi tutaandikwa lini?"

"Beba mfuko wewe."

Baba alicheka. Ile sheria ya nyoka ilimtosha.

Mwezi wa Shaabani akaja mama mdogo Mwanawetu kutoka Mtwara. Kwetu makaburi hupaliliwa kabla ya Ramadhani. Kaburi lenye majani maana yake marehemu hana watu.

"Shemeji, dada yangu analala porini kama hana mtu?"

"Kichaka ndicho kinachomlinda."

"Kinamlinda yeye, au kinakulinda wewe na kazi yako?"

Baba akaanza kunoa panga. Ijumaa, wachezaji hawapo, akatuingiza ndani. Tukakata, tukang'oa visiki, tukasoma Yasini. Mawe yaliyolala akayasimamisha upya. Siku ile alikaa chini pale muda mrefu, uso wake mwepesi.

Kesho yake akapita Senhor Cosme, mkuu wa mashindano, akaona peupe. Akampiga baba begani, akasema maneno kwa Kireno.

"Anasema umefanya kazi kubwa bila kutumwa," Latifo akafasiri. "Nyoka hawana pa kujificha tena. Vigingi ving'oe, tumepata uwanja zaidi."

"Mwambie vibaki."

"Nimwambie kwa nini?"

Baba akasema basi, acha. Akaenda kung'oa vigingi mwenyewe.

Siku ya mashindano jamaa za wafanyakazi waliruhusiwa kutazama. Mimi na mama mdogo tulikaa karibu na shimo la nne. Mpira wa kwanza ukadondoka katikati ya makaburi. Mchezaji akaona jiwe mbele yake. Sheria ya gofu inakubali kuondoa jiwe lililo legelege, na yale baba alikuwa ameyasimamisha juzi tu, udongo haujashika. Akaling'oa, akalirusha pembeni, akapiga.

Baba alikuja mbio, gunia bado mkononi.

"Latifo, mwambie ni kaburi. Mwambie ni mke wangu."

Latifo akasema. Senhor Cosme akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya.

"Anauliza, kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

Baba akalinyooshea kidole jiwe lililotupwa.

"Anasema mashindano yakishaanza sheria haibadilishwi. Ni kuwadhulumu walio nyuma. Yakiisha atarudisha vigingi. Anasema pole, mzee."

Wachezaji wakaendelea kupita, kundi baada ya kundi. Waliokosea walikosea palepale, na kila jiwe lililowazuia likatupwa chini ya mti wa mkanju. Baba alisimama akitazama. Mama mdogo alijifunika uso kwa kanga.

Walipokwisha tukaingia. Pamekanyagwa, pamekuwa sawa kama sakafu. Baba akaokota jiwe, akaligeuza, akaliweka. Akaokota jingine.

"Hilo si la dada?" mama mdogo akauliza.

"Sijui."

"Na alipolala?"

"Sijui, Mwanawetu."

"Weka popote, shemeji. Mungu anajua."

"Mungu anajua," baba akasema. "Na mimi nilikuwa najua."

Akaliacha jiwe. Getini mlinzi akamwambia awahi kesho, kuna vigingi vya kuchomeka. Akapita kama hakusikia. Tukamfuata tukidhani tunakwenda nyumbani. Penye njia panda nyumbani ni kushoto, yeye akashika kulia.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

Hakugeuka. Mama mdogo alinishika mkono, akasema mwache, atatembea hasira zimtoke, atarudi kula.

Ramadhani imeingia, imetoka. Latifo anasema vigingi vyeupe vimerudishwa. Baba hajarudi.