Bangi Kabatini

Binamu yangu hakuwahi kupanda hata mchicha, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika chumba chetu cha kupanga Schaerbeek, Brussels, aliotesha bangi ndani ya kabati la nguo. Alibandika foili ya jikoni humo ndani, akaning'iniza taa aliyoiokota barabarani. Harufu ikashuka ngazi hadi mtaani.

Jumamosi moja mchana, wanaume wawili walivunja mlango wetu. Mmoja alimpiga binamu usoni kwa nondo, na alipoanguka akaendelea kumpiga. Mimi nilikuwa nachemsha maji ya ugali. Kwa hasira iliyonitisha mwenyewe, nilimmwagia yule mwenye nondo mgongoni sufuria nzima ikitokota. Alipiga yowe, akanibamiza ukutani hadi mkono wangu ukavunjika. Mwenzake aling'oa mimea, wakakimbia nayo.

Jirani yetu, mama wa Kikongo, alikuja mbio, akamfunga binamu kichwa kwa kitenge.

"Usilale, mutoto! Alors, basi, sema na miye!"

Binamu akatema damu na meno.

"Mimea yote ilikuwa dume," akasema. "Haitoi maua ya kuvuta. Nimejua jana tu. Leo nilitaka kuitupa."

Jicho lake la kushoto halikuona tena.