Friji Niliyompelekea Mama Mkwe

Ipo siku moja ambayo hainitoki moyoni, mwanangu: siku niliyoteremsha friji mpya katika bandari ya Mutsamudu, ikapita vichochoroni mabegani mwa wachukuzi wanne, nami nimetangulia mbele kama bwana harusi. Nakuanzia hapo kwa sababu juzi ulikuja karakanani kwangu ukaniuliza swali ambalo kila kijana anayeanza maisha huniuliza: friji hudumu miaka mingapi? Nilikujibu juujuu kwa kuwa wateja walikuwa wengi. Leo nimekaa, na nataka kukujibu vizuri.

Kwanza umjue anayekujibu. Nilizaliwa Badjanani, mjini Moroni, mtoto wa mvuvi ambaye hakusoma chochote ila Kurani. Niliondoka na shati nililovaa. Mombasa nilibeba vitalu vya barafu kiwandani mchana, na jioni nikaingia darasani na vidole vilivyokufa ganzi. Hakuna mjomba aliyeniandikia barua, hakuna tajiri aliyenishika mkono. Nikarudi na diploma ya mitambo ya baridi, ile unayoiona ukutani kwangu. Sisemi haya ili nijitape, ingawa haki ya kujitapa ninayo.

Nilirudi miaka ile ya mamluki wa Kizungu, walipokwisha kushuka ufukweni na kumpindua rais, wakawa ndio wenye sauti mjini. Mitambo mibovu ilikuwa mingi na fundi mwenye cheti nilikuwa mimi. Nikafungua karakana mtaa wa Magoudjou, hapohapo Moroni. Hata Wazungu wa kambini, bia yao ikipata joto, walituma gari kuja kunichukua. Watu walilikwepa gari lile likipita. Mimi nilipanda kiti cha mbele.

Nikaoa Mutsamudu, kisiwa cha pili, binti aitwaye Zainaba. Unajua kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, na nyumba haiwi yake hata akiijaza dhahabu. Lakini kazi yangu ilikuwa Moroni, basi nikawa mtu wa kuvuka, mwezi huku, wiki mbili kule. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wangu, Mama Hadija, mjane mpole ambaye tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu, wala hakupata kulitaja jina langu mbele ya watu bila kulifuatishia dua.

Mama Hadija alikuwa na kisukari. Kila asubuhi alijidunga sindano ya insulini, na dawa hiyo hutaka baridi. Mimi ndiye niliyemletea kutoka Moroni, chupa za miezi kadhaa kwa mara moja. Alizitunza katika friji ya mafuta ya taa aliyoachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya mabwana wa mashamba. Friji ile ilikuwa na umri kumzidi Zainaba. Kila alfajiri, akishaswali, Mama alipiga magoti, akakata utambi, akasukuma kioo kidogo chini yake ili auone moto. Ukiwa wa buluu alisema alhamdulillahi. Ukiwa wa manjano alikata tena. Haikuwa na mota wala kompresa ya kusukuma gesi, karibu hakuna cha kuchakaa ndani yake. Hilo nililijua kwa kusomea. Lakini ilinuka mafuta, ilitia ukuta masizi, na mimi, fundi wa baridi wa Moroni, niliona haya wageni walipoiona. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Basi nikaagiza friji ya umeme yenye milango miwili, wa juu wa kugandisha na wa chini wa kupoza, nyeupe kama kanzu ya Idi. Kutoka Moroni ilivuka kwa meli ndogo ya mizigo, ikalazwa chali sitahani, maana nahodha alikataa kuisimamisha na bahari ilikuwa imechafuka. Sasa sikiliza vizuri. Friji iliyosafiri kwa kulazwa husimamishwa kwanza, ikaachwa hadi kesho yake, mafuta ya kompresa yateremke mahali pake, ndipo iwashwe. Hilo lilikuwa katika daftari langu la mwaka wa kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilijua, mwanangu. Laiti ningekuwa sijui.

Tulipoiingiza, ukumbi ulikuwa umejaa. Majirani wa kike wamekuja wamejitanda shiromani zao mpya, na ukwaju umekwisha kukorogwa, unangoja barafu. Kiongozi wa wachukuzi, mzee mmoja aitwaye Humadi, alijifuta jasho akaniambia kwa adabu:

"Mkwe wetu, usiiwashe leo. Imelala baharini usiku kucha. Mgeni akishuka chomboni anatapika hupewa mkeka, hapewi jembe."

Wanawake wakacheka. Nikahisi wananicheka mimi.

"Mzee," nikasema, "na wewe diploma yako uliipatia wapi?"

"Mgongoni," akajibu. "Nimebeba friji za mabwana tangu wewe hujazaliwa, na kila mara walitwambia tuziache zipumzike."

Jirani mmoja, Bi Mariamu, mwenye ulimi wake, akadakia akiwasema watu wa kisiwa changu: "Wangazidja kwa maneno hawajambo! Tunataka barafu, si hotuba."

"Mwacheni," mwingine akasema, "huyu hata jua atalitia humo, tulale mchana!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikachomeka waya. Friji ikanguruma, taa ya ndani ikawaka, watu wakapiga vigelegele. Wanawake wakataka isogezwe hadi igusane na ukuta ili ipendeze, nikaisogeza, nami nilijua kwamba mgongo wa friji huhitaji hewa. Wakaitandika kitambaa cha kudarizi juu, nikawaacha. Kabla ya magharibi barafu ilipatikana, na mbele ya wote nikasema kwa sauti: "Mama, hii ni miaka ishirini bila wasiwasi. Weka dawa zako humo ulale usingizi."

Mzee Humadi alikunja kamba zake. Alipofika mlangoni alisema tu, "Basi angalau ile ya zamani msiitupe."

Kesho yake Mama Hadija naye aliomba hivyohivyo, kwamba ya mafuta iwekwe uani, pembeni, haitamsumbua mtu. Nikamwambia friji mbili katika nyumba moja ni kuitukana ile mpya. Nikawapa wavuvi wa Mirontsy, mji wa jirani, wakaing'oa mlango wakaifanya sanduku la samaki. Usiache mbachao kwa msala upitao, tuliimbishwa hayo tangu chuoni, na mimi niliuacha mchana kweupe. Mama alisimama kizingitini akaitazama ikienda. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unayejua."

Nikarudi Moroni. Safari hii kazi zilikuwa nyingi, nikamwambia Zainaba nitarudi baada ya miezi mitatu kuikagua. Lakini kambini walikuwa wanajengewa chumba kikubwa cha baridi, na walinitaka mimi. Nikaahirisha mara moja, nikaahirisha mara ya pili. Barua za Zainaba zilisema wote wazima, na kwamba mtaa mzima bado unaisifu friji yangu. Nilizisoma kwa sauti karakanani ili vijana wasikie.

Kisha akaja msafiri mmoja kutoka Mutsamudu, akaniambia, "Mkeo anakwita. Mama hali yake si nzuri." Nikavuka.

Niliingia ukumbini, friji ikanipokea kwa mngurumo uleule. Kitambaa chake kimepigwa pasi. Nikafungua mlango, taa ikawaka, na hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya joto, kama pumzi ya mtu. Ndani hamkuwa na samaki wala maji. Zilikuwamo chupa za insulini tu, zimepangwa katika kikombe. Nikapeleka mkono nyuma, kompresa ilikuwa inachoma kama kikaango. Ilikuwa inanguruma bure.

"Tangu lini?" nikamuuliza Zainaba.

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Nikahesabu. Ilikuwa imefanya kazi miezi minne, na ilikuwa imekufa kwa zaidi ya miwili.

"Na barua zote zile? Mbona hukuniambia?"

Alikaa chini, akajifunika uso kwa shiromani. "Mama alinikataza. Alisema, mkwe wangu alisimama mbele ya watu akatamka miaka ishirini. Tukisema imekufa, watamcheka mpaka bandarini. Tumngoje, akija ataitengeneza mwenyewe, kimya kimya. Majirani wakiomba barafu tulisema imekwisha sasa hivi."

"Bi Mariamu ana friji ya mafuta nyumba ya tatu! Mngempelekea hizi chupa."

"Angeuliza kwa nini," akasema Zainaba. "Tulidhani ndani mna ubaridi zaidi kidogo kuliko nje. Friji ni friji. Na wewe ulisema utakuja mwezi ule."

Mama Hadija alikuwa akijidunga kila asubuhi, kwa wakati wake, kwa bismillahi, dawa iliyokwisha kufa ndani ya kabati la joto. Kiu ikawa haimwishi, mwili ukapungua, macho yakaingia giza, naye akasema ni uchovu wa saumu. Kwetu mama mkwe humsitiri mkwewe kama anavyositiri mwili wake, na mkwe humstahi vivyo hivyo. Ni ada nzuri, mwanangu. Sikujua inaweza kubeba mzigo mzito kiasi hicho.

Nikaingia chumbani. "Kwezi, Mama," nikamwamkia kwa amkio letu la heshima.

Alitafuta mkono wangu akaupata. "Umekuja, mwanangu. Sasa, ukianza kuitengeneza, funga kwanza mlango wa nje. Watu wasione."

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Tulimpeleka hospitali, daktari akampa dawa nzima na kufanya yote anayoweza mwanadamu, na siku ya tatu Mama Hadija akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mzishi mmoja alikuwa Mzee Humadi, aliyetusaidia kumbeba Mama hadi hospitali akaziona chupa zile. Baada ya kutoka makaburini alinijia nilipokuwa nimesimama peke yangu, nikajiandaa kusikia ninachostahili kuambiwa. Kisha akasema:

"Chupa zile zingekaa katika mtungi wa maji, kivulini, zikabaki salama siku nyingi. Mke wangu aliziweka hivyo za kaka yake. Tungeulizwa tungesema. Lakini nani angetuuliza, mkwe wetu, na wewe ulikwisha kutwambia kwamba hatuna diploma?"

Akaenda kusaidia kutandika mikeka ya hitima. Nimesoma kwa walimu wengi, mwanangu, weusi na weupe, na hakuna aliyenifunza somo refu kama lile alilonipa mchukuzi yule kwa maneno machache, tena bila kupandisha sauti.

Sasa nakujibu. Friji hudumu miaka mingapi? Nimeona iliyotimiza miaka ishirini na tano, rangi imebanduka, bado inagandisha. Nimeona iliyokufa kwa miezi minne, nayo ilikuwa nzuri kuliko zote. Anayekutajia idadi ya miaka anakuuzia kitu. Iache ipumzike ikitoka safarini. Iachie nafasi ya mgongo, ifute vumbi, ukague mpira wa mlango kwa kubana karatasi, karatasi ikichomoka kirahisi jua baridi inavuja. Umeme wetu unapanda na kushuka kama homa, basi ukikatika chomoa waya, ukirudi subiri kidogo kabla ya kurudisha. Usiamini taa wala mngurumo. Ingiza mkono wako uhisi mwenyewe. Na kama ndani mna dawa ya mtu, hakikisha ipo njia ya pili, hata iwe ni mtungi tu, kabla hujaitupa ile ya zamani.

Lakini hayo ni ya fundi, na kijana yeyote wa karakanani kwangu atakwambia. La mzee ni hili. Usiape mbele ya watu kwa kitu kinachoharibika, kwa maana wanaokupenda watakiona kiapo chako ni deni lao. Wahenga wamesema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli, ila sasa nakuomba, ukiona mtu anaficha, kabla ya kumlaumu jiulize ni nani aliyemfanya aone haya kusema. Katika nyumba ile aliyefanya hivyo ni mimi, kwa mdomo wangu, siku ya furaha. Siku unayoleta kitu kipya nyumbani kwako, waambie mkeo na mama mkwe na hata mtoto mdogo: kikiharibika nambieni siku hiyohiyo, sitapungua kitu. Kisha wakikwambia, usipungue kweli. Na mtu asiye na cheti akikushika mkono akisema ngoja, ngoja. Siku moja ya kungoja haijawahi kumuua mtu yeyote ninayemjua.

Nakuombea, mwanangu. Mungu akupe elimu na akupe masikio ya kuibeba. Ajaze baraka chakula chako na azilinde dawa za wazee wako. Akujaalie wakwe wanaokupenda, na awape ujasiri wa kukuambia usoni kwamba kitu chako kimeharibika. Na amrehemu Mama Hadija, aliyenisitiri hata kaburini kwake, maana mpaka leo watu wa Mutsamudu, ila Mzee Humadi, hudhani alikufa kwa uzee. Amin.